Tarishi Asiyesubiri Jibu

Kinong'onezi kiliamka kabla ya mwenye sikio. Kilikuwa kimekaa nyuma ya sikio la kushoto la Mama Dorotea Mkude, kidogo kama punje ya hindi, na kope zake zilipoanza tu kutikisika kikaingia kazini. Kilisema kwa sauti yake mwenyewe Mama Dorotea, ile ya chini anayoitumia kanisani watu wanapoinamisha vichwa.

"Leo ni Alhamisi. Jana ulipika kisamvu, ukakisifu mwenyewe kabla hujasifiwa. Perpetua alirudi mapema. Mama Koku wa nyumba ya pili alileta mapapai, na umemwahidi kumrudishia bakuli lake."

Mama Dorotea alifumbua macho, akaitazama dari. "Bakuli la watu!" akasema, akashuka kitandani na kwenda jikoni moja kwa moja kulitafuta.

Mlangoni alisimama binti yake, Mhandisi Perpetua Mkude, mswaki mdomoni, akicheka peke yake. Asubuhi ya namna hii alikwishaiona mara nyingi, na bado ilimsisimua hadi vidole vya miguu. Mama yake alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ya zamani aliyakumbuka yote, hadi rangi ya soksi za bwana harusi wa miaka thelathini iliyopita. Ya jana ndiyo yaliyokuwa yakimwagika usiku na kumwacha mtupu. Kinong'onezi kilikuja kumrudishia jana yake. Mchana kutwa kilisikiliza. Alipolala, kilifupisha siku nzima kuwa faili moja na kulipeleka Ghalani, na alfajiri kilikwenda kulichukua na kumnong'oneza.

Ghala ndilo lililoubadilisha mji wa Morogoro. Lilichimbwa ndani ya Milima ya Uluguru, mashine zake zikipozwa na maji ya mito yenyewe, na kila kifaa cha mji kiliandika na kusoma humo: magari yasiyo na dereva, mikono ya chuma ya hospitali, mizani za sokoni, madaftari ya shule. Faili lililoandikwa Kihonda lilifunguliwa Mzinga papo hapo, kana kwamba mji mzima ulikuwa kompyuta moja. Watu wa mikoani walipowatania Wamorogoro kwamba mji wao ni mji kasoro bahari, siku hizi walijibiwa kwamba bahari imo ndani ya mlima. Perpetua alikuwa mmoja wa wahandisi wa Ghala hilo, na ukimuuliza habari zake jiandae kukaa.

"Perpetua!" mama yake aliita kutoka jikoni, bakuli mkononi. "Baba yenu amepiga simu?"

Kicheko kilimwisha. "Bado, mama. Yuko safarini."

"Treni zao hizo! Amestaafu lakini hawamwachi apumzike."

Mzee Bonaventura Mkude, dereva wa treni mstaafu, hakuwa safarini. Alikuwa amezikwa makaburi ya Kola tangu kabla ya masika. Mjane wake alikuwapo mazishini, alilia, alitupa udongo kaburini kwa mkono wake, na kesho yake aliamka akauliza kama mzee amekwishaoga. Walimwambia upya. Alilia upya, kilio kilekile cha kwanza, na kesho yake akauliza tena. Walipomwambia mara ya tatu, kaka mkubwa wa Perpetua alitoka nje akajishika kichwa, akasema imetosha, hatuwezi kumfiwisha mama yetu kila siku. Tangu hapo baba akawa safarini.

Kilichomkera Perpetua ni kwamba kinong'onezi hakikushindwa ovyo ovyo. Siku ya kisamvu ilibaki. Siku ya kufua, siku ya mapapai, siku ya umeme kukatika, zote zilibaki. Siku ya ubatizo wa mjukuu ilipotea. Siku ya mazishi ilipotea, na kila siku waliyomrudia kumwambia ikapotea. Siku nyepesi zilikaa, nzito zikaenda na maji. Mhandisi yeyote angejua kwamba hilo halikuwa bahati mbaya. Lilikuwa na sababu, na sababu ina mahali inapokaa.

Aliikuta Ijumaa hiyo, kazini, mchana kweupe. Ghala lina desturi ya kutunza nakala ya kila jibu linalotoa. Alifungua majibu ya usiku ule wa mazishi, akasoma: *Haijafika yote. Rudia.* Akafungua ya usiku wa ubatizo: *Haijafika yote. Rudia.* Aliruka kutoka kitini na kupiga ukelele, wenzake wakapanda juu ya meza wakidhani ni nyoka.

"Lilijibu!" alisema. "Ghala lilijibu! Hakuna aliyekuwapo wa kusikia!"

Mambo yalikuwa hivi. Kinong'onezi hakipeleki faili chenyewe. Ndani yake, kama ndani ya karibu kila kifaa cha mji, kuna programu ndogo inayoitwa tarishi, kazi yake kubeba faili hadi Ghalani. Tarishi huyo alitungwa na kampuni ya Wino, na kampuni kumi na moja zilimnunua na kumtia katika vifaa vyao. Wino walimjaribu kwenye mashine zao wenyewe, mezani kwao, ambako faili linaandikwa palepale na jibu haliwezi kuwa jingine ila ndiyo. Basi wakamfundisha tarishi kutua mzigo na kuondoka. Mzigo mdogo, hakuna neno. Lakini mzigo mkubwa Ghala huupokea kipande kwa kipande, na kikikosekana kipande husema rudia. Tarishi wakati huo alikwishapiga kona. Na kwa kuwa sheria inakataza kifaa cha sikioni kulala na maneno ya watu, kinong'onezi nacho kilifuta kila kitu mara tu tarishi aliposema amemaliza. Siku ya watu wengi na machozi mengi ni faili zito. Ikaenda hivyo.

Kuujua ugonjwa si kupona. Programu zilipigwa muhuri. Mwenye kampuni peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzifungua. Perpetua aliwaandikia watengenezaji wa kinong'onezi. Wakamjibu kwa adabu kwamba tarishi si wao, ni wa Wino. Akawaandikia Wino. Wakajibu kwamba kumfundisha tarishi kusubiri kutawachelewesha wateja wao nukta moja, mbili, na hawawezi kugusa kitu mpaka wateja wote wakubali. Akawaandikia wateja, mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Kila mmoja alisema yuko tayari kabisa, ila si kuwa wa kwanza, maana nani anataka kifaa chake kionekane kizito kuliko cha jirani? Na karibu wote walimalizia kwa ile sentensi ambayo imewazeesha mafundi tangu kompyuta zilipokuwa kubwa kama kabati: *kwetu inafanya kazi vizuri.*

Walimpiga danadana miezi miwili.

Jumamosi moja aliketi jikoni akimenya viazi na mama yake, akaropoka yote. Hakutarajia msaada. Alitaka tu kusikia mtu akisema "pole". Mama Dorotea alisikiliza, kisu kikizunguka kiazi bila kukatika ganda, kisha akauliza, "Umewaandikia mmoja mmoja?"

"Ndiyo, mama. Kwa adabu zote."

"Ndiyo maana." Alitupa kiazi kwenye maji. "Wewe umezaliwa nyumba gani, Perpetua? Mimi nimeongoza kamati ngapi za harusi humu Kihonda? Umewahi kuniona naomba mchango kwa barua? Mtu ukimwomba chumbani atakuambia ana mgonjwa. Mwite ukumbini. Mkalishe karibu na shemeji yake. Msimamishe, mpe kipaza sauti, mwambie ataje ahadi yake watu wasikie. Utaona kama ana mgonjwa."

Perpetua aliacha kumenya.

"Hawa si watu wa harusi, mama. Ni makampuni ya programu."

"Kwani makampuni hayana aibu?"

Perpetua alimwangalia mama yake, akaangalia viazi, akaanza kucheka, na kicheko hicho hakikuwa cha mzaha. Ilikuwa kweli tupu. Hakuna hata mmoja aliyekataa kuchelewa. Walikataa kuchelewa peke yao. Miezi miwili alikuwa akiwaomba chumbani.

"Waite," mama yake akasema. "Mwenyekiti nitakuwa mimi."

Kesho yake asubuhi alikuwa amesahau, maana walikesha wakipanga na kucheka mpaka siku ikawa nzito. Perpetua akamweleza upya mpango wote. Mama Dorotea alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Ni la nani?"

"Lako."

"Nilijua tu," akasema, na kuomba gauni lake la vikao linyooshwe.

Kikao kilikaa katika ukumbi wa parokia. Kampuni zote zilikuja, kwa sababu kila moja iliandikiwa kwamba nyingine kumi zimethibitisha, jambo ambalo lilikuwa kweli ilipofika jioni yake. Wengine walikuja kwa miguu yao. Wengine walituma vivuli-nuru, ile miili ya mwanga iliyosimama sakafuni bila kuigusa, ikisalimiana na watu bila kushikana mikono. Mama Dorotea, gauni la zambarau na kilemba cha kwenda juu, alipita akiwapanga mwenyewe. Washindani aliwaketisha bega kwa bega.

Mwakilishi wa Wino alikuwa mhandisi mkuu wao, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, Bwana Mihayo.

"Mihayo wa wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Tabora, mama."

"Mnyamwezi!" Mama Dorotea alimgeukia binti yake. "Miezi yote hii umehangaika, kumbe tarishi katungwa na mtani wangu! Ungeniambia mapema. Mnyamwezi alibeba mizigo ya dunia nzima kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, iweje leo abebe kifaili kimoja akitupe mlangoni?"

Ukumbi uliangua kicheko. Bwana Mihayo alicheka kuliko wote, mikono juu, kama mtani anavyopaswa. "Waluguru nanyi, mzigo wenyewe mmeuficha mlimani! Tunapanda mpaka tunachoka."

Baada ya hapo hakuna aliyebaki amekunja uso, na Perpetua akapata nafasi yake. Alizima taa. Ukutani alichora Ghala kwa mwanga, na mbele yake tarishi, kijitu cha rangi ya njano chenye furushi kichwani. "Hili ni faili la kweli na tarishi wa kweli," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha ya mtu anayeonyesha kitu alichokihangaikia. "Nimewapa tu sura. Tazameni."

Kijitu kilikwenda, kikatua furushi, kikageuka, kikaondoka mbio. Mlango wa Ghala ukafunguka na sauti ikasema: *Haijafika yote. Rudia.* Kijitu kilikuwa kimefika nusu ya ukuta.

"Rudi wewe!" mtu mmoja alikipigia kelele.

Kijitu hakikurudi. Kilikwenda kikapotea pembeni mwa ukuta, na sauti ikasema tena, kwa ukuta mtupu: *Rudia.* Perpetua alirudia jaribio hilo kwa kampuni ya magari, kwa ya shule, kwa ya hospitali.

Aliyesimama kwanza alikuwa Bi. Anjela Lyimo wa kampuni ya Mwendo, wenye magari yasiyo na dereva. "Mwenyekiti, hakuna anayebisha kwamba ni kasoro. Lakini tarishi akisubiri jibu, magari yetu yatachelewa kuondoka kituoni. Nukta moja, lakini abiria wataiona."

"Mwanangu, umeolewa?"

"Nimeolewa, mama."

"Siku ya harusi yako ulifika kanisani saa ngapi?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele.

"Ulichelewa. Na hakuna aliyeondoka. Sasa nisikilize." Mama Dorotea alishusha kipaza sauti, hakuhitaji. "Mtu anakuletea kuku wa mchango. Anamwacha kizingitini, anakimbia kwa sababu ana haraka. Utajuaje kama kuku kapokewa na mwenye nyumba au na paka? Kwetu ukipeleka kitu unakaa. Unaambiwa ahsante, umefika. Unaaga, unasindikizwa. Hapo ndipo umeleta. Ninyi hamjaleta kitu, mmekitupa tu. Na hakuna atakayechelewa peke yake, mtachelewa wote siku moja. Nani anasimama? Jina, ahadi, na lini."

Bwana Mihayo akanyanyuka. "Wino. Tunamfundisha tarishi kusubiri jibu, na akiambiwa rudia, arudie. Kwa mwezi mmoja, kama wateja wangu wote watasimama hapa."

"Makofi ya kilo!" mwenyekiti akaamuru, na makofi yakapigwa.

Bi. Lyimo alikuwa bado amesimama. Kushoto kwake aliketi mshindani wake mkubwa, mwenye mabasi ya umeme, na mshindani huyo alikuwa ameanza kunyanyua mkono. Bi. Lyimo akamwona. "Mwendo!" akasema haraka. "Tarishi mpya akifika, tutampokea ndani ya wiki tatu!"

"Sisi mbili!" akasema wa mabasi.

Hapo ukumbi ukashika moto. Shule wakaahidi, mizani za soko wakaahidi, kivuli-nuru kutoka Mombasa kikaahidi kwa nguvu mpaka kikakatika kikarudi, na watengenezaji wa kinong'onezi, wale wale waliokuwa na adabu katika barua, wakaahidi kumjaribu tarishi mpya kabla ya wote. Kina mama wa parokia waliokuja kupika walipiga vigelegele bila kujua kinachoshangiliwa. Perpetua alisimama pembeni akalia waziwazi, kamasi na yote, na hakujali. Mambo ambayo barua zilishindwa yalikuwa yamekwisha kabla chai haijapoa.

Walirudi nyumbani wakiimba. Mama Dorotea alilala na kilemba kichwani.

"Leo ni Jumatatu," kinong'onezi kilisema asubuhi. "Jana..." kikaanza, kikasita, na kusimulia habari za Jumamosi, siku ya kufua.

Mama Dorotea aliingia jikoni akashangaa gauni la zambarau kuwa kitini. "Nani alikuwa na kikao?" akauliza. Kisha, "Baba yenu amepiga simu?"

Perpetua alimjibu kama kawaida. Alimsimulia kikao chote, na mama alicheka mahali pote palipochekesha, kama mtu anayesimuliwa habari za mwanamke mwingine aliye hodari.

Tarishi mpya alifika kabla ya mwezi kwisha, na Bwana Mihayo alimleta mwenyewe. Alisema kinong'onezi cha mwenyekiti hatakigusa mtu mwingine. Akaja na Bi. Lyimo, aliyetaka kuona, na majirani wakasikia, na kufikia mchana ua ulijaa watu. Viazi vilikaangwa. Mama Dorotea alijulishwa Bwana Mihayo upya, akampokea kwa matusi ya utani ya siku ile karibu neno kwa neno, na mgeni akacheka kana kwamba hajawahi kuyasikia. Aliweka kifaa chake karibu na sikio la mama, taa ikawaka bluu, akasema, "Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu, mama. Kuanzia leo tarishi wangu ana adabu."

"Kaa ule, mtani. Mzee wangu angekuwapo mngetaniana mpaka kesho. Yuko safarini."

Wakati wa kuondoka Perpetua alimsindikiza hadi barabarani, akamweleza kuhusu mzee. Bwana Mihayo alisimama. Uso wake ulibadilika, utani wote ukamtoka.

"Pole sana, Mhandisi," alisema. "Kwetu na kwenu, habari ya msiba ni kazi ya mtani. Ukinihitaji, nipigie. Hata alfajiri."

Perpetua alishukuru bila kufikiri sana. Alikuwa na furaha mno. Mama alipolala, aliketi kando ya kitanda na kioo chake cha kazi, akitazama faili la siku likienda mlimani. Lilikuwa zito: watu, vicheko, viazi, majirani wote. *Haijafika yote. Rudia.* Tarishi hakuondoka. Alirudi, akachukua kipande kilichobaki, akakileta. *Nimepokea.* Perpetua alijiziba mdomo kwa mto ili asimwamshe mama yake kwa shangwe.

Asubuhi alikuwa mlangoni mapema, mswaki mdomoni.

"Leo ni Jumapili," kinong'onezi kilinong'ona. "Jana alikuja Mihayo, mtani wako Mnyamwezi, pamoja na mama mmoja wa magari, Anjela. Ua ulijaa. Ulikaanga viazi, mtani akala sahani mbili na kudai ya tatu."

"Mlafi yule!" Mama Dorotea alisema, akaangua kicheko, na Perpetua naye akacheka, akataka kukimbilia simu. Jana imefika! Siku nzito, nzima, pamoja na sahani ya tatu!

"Baba Perpetua yuko safarini," kinong'onezi kikamalizia, kwa sauti ya Mama Dorotea mwenyewe.

Mama aliacha kucheka. Alijigeuza taratibu akamtazama binti yake, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Perpetua hakukiona siku nyingi. Alikuwa anaunganisha mambo.

"Safari gani hiyo," aliuliza, "hata jana watu wote wamekuja hakupiga simu?"

Perpetua alijua jibu lililozoeleka. Lilikuwa mdomoni tayari. Zamani lilikuwa neno la kupita tu, hata kinong'onezi hakikulirudia, na halikumdhuru mtu. Leo lingekwenda mlimani, lingepokewa, na kesho mama yake angenong'onezwa uongo kwa sauti yake mwenyewe, na keshokutwa, na siku zote. Alishika simu, akalitazama jina la Mihayo. Akaiweka chini. Mtani ni wa watu ambao hawana nguvu ya kusema, na yeye ndiye aliyemhangaikia tarishi miezi mitatu bila kujiuliza atabeba habari gani.

Aliketi kitandani, akamshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, baba amefariki. Tulimzika Kola, kabla ya masika. Ulikuwapo. Ulimtupia udongo kwa mkono wako."

Kilio kilikuwa kilekile cha kwanza. Majirani walikuja. Ndugu walipigiwa simu, na kaka mkubwa alifoka, kisha akasema anakuja. Siku nzima ilikuwa ya machozi na watu, siku nzito kuliko zote, na mama alipolala kwa uchovu Perpetua aliketi tena na kioo chake. *Haijafika yote. Rudia.* Tarishi alirudi. *Rudia.* Alirudi tena, kwa uvumilivu wote aliofundishwa. Kwa kitambo, na hilo hakumwambia mtu, Perpetua alitamani tarishi awe yule wa zamani, atue mzigo aende zake, mama aamke akiuliza simu. Aliuma mdomo akasubiri.

*Nimepokea.*

Asubuhi hakuwa na mswaki. Alisimama mlangoni na kusikiliza kinong'onezi kikisema maneno yake, kifupi, bila kupamba. Mama Dorotea alikuwa amefumbua macho, akiitazama dari. Hakushuka. Machozi yalimtiririka pembeni, kimya, yakaingia sikioni karibu na kile kipunje, lakini hakulia kwa sauti. Hakuuliza kama mzee amepiga simu.

"Perpetua."

"Abee, mama."

"Arobaini ya baba yako tulifanya?"

"Bado, mama. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mama Dorotea alivuta ncha ya kanga, akajifuta uso, akakaa kitako.

"Haya, itisha kamati," akasema. "Na yule mtani wangu asikose, aje atufanyie fujo. Kamwambie na Mama Koku nitaazima yale mabakuli yake makubwa."